Studio ya Nyumbani kwa Bajeti Ndogo: Anza na Chumba, Maiki Ifuate

Rekodi nyingi ninazotumiwa na wasomaji zina ugonjwa mmoja. Sauti iko mbali, imezungukwa na mwangwi mfupi kama wa bafuni, na nyuma yake feni inavuma. Swali linalokuja nayo nalo ni lile lile: ninunue maiki gani ili nitoke hapa?

Jibu langu huwaudhi wengi. Maiki hiyo haina kosa. Imekisikia chumba kama kilivyo, ikaleta habari bila kupunguza neno. Ukinunua ya bei mara tatu, itakuletea ubovu ule ule kwa undani zaidi.

Kwa hiyo mwongozo huu una mpangilio ambao huenda usiupende: chumba kwanza, vifaa baadaye, plagini (programu ndogo za kuongeza athari kwenye sauti) mwisho kabisa. Unamfaa anayerekodi sauti ya mtu, iwe kuimba, kusimulia au podikasti, pamoja na ala moja moja kama gitaa. Kurekodi seti nzima ya ngoma ni kazi nyingine, inataka maiki nyingi na majirani wavumilivu.

## Vitakavyohitajika

Vya kununua:

- Kadi ya sauti ya nje ya USB, yaani kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta, yenye angalau tundu moja la XLR (lile la duara la kebo ya maiki), umeme wa volti 48 kwa ajili ya maiki, na uwezo wa kusikiliza moja kwa moja bila kupitia kompyuta
- Maiki moja
- Kebo moja ya XLR ya mita 3 hadi 5
- Stendi ya maiki yenye mkono, iliyo nzito chini
- Hedifoni za kuziba masikio, zenye waya

Vya kutafuta ndani ya nyumba: mablanketi mazito mawili au matatu, zulia, godoro la akiba, kamba, kabati lililojaa nguo, soksi ndefu nyembamba za kike na waya mgumu unaopindika.

Kompyuta uliyonayo huenda inatosha. Yenye RAM ya GB 8 itarekodi na kuchanganya mradi wa traki ishirini (mistari ya sauti inayorekodiwa kila mmoja peke yake) bila kulalamika sana.

Kwa upande wa programu, GarageBand inakuja bure kwa wenye Mac. Audacity ni bure kwa kila mtu na inatosha kwa usimulizi na podikasti. Reaper inakupa siku 60 za majaribio na inakimbia hata kwenye kompyuta zilizochoka. Usipoteze wiki nzima ukilinganisha programu. Zote zinarekodi sauti ile ile.

Vya kuchelewesha: spika za studio, kibodi ya MIDI (kinanda cha kupigia ala zilizo ndani ya kompyuta), maiki ya pili na plagini za kulipia.

Vya kutonunua kabisa: sponji nyembamba za kubandika ukutani, na trei za mayai. Sababu iko hatua ya 3.

## Hatua ya 1: Gawa fedha kabla hujaingia dukani

Chukua fedha zote ulizonazo, toa robo yake, weka pembeni kwa ajili ya chumba. Usiiguse.

Kinachobaki, gawa karibu sawa kati ya kadi ya sauti, maiki, na fungu la tatu linalojumuisha hedifoni, kebo na stendi. Fungu hilo la tatu ndilo watu hulisahau. Wananunua maiki nzuri, kisha wanaiegemeza juu ya vitabu mezani kwa sababu fedha ya stendi imekwisha. Kila wakigusa meza, rekodi inapiga "dum".

Kifaa kilichotumika si aibu. Maiki za dainamiki (nazieleza hatua ya 4) hasa huishi miaka mingi. Nikinunua kadi ya sauti iliyotumika huwa naijaribu kwanza papo hapo: nazungusha kila kitufe polepole nikiwa na hedifoni masikioni. Kikikwaruza, naiacha.

## Hatua ya 2: Chagua chumba kwa masikio

Ingia katika kila chumba unachoweza kutumia, saa ile ile ambayo utakuwa unarekodi. Funga mlango, keti, fumba macho dakika kumi. Andika kila unachokisikia: barabara, jokofu, saa ya ukutani, pampu ya maji, mbwa, feni ya kompyuta. Masikio yetu huzoea kelele na kuacha kuzisikia. Maiki haizoei.

Kisha simama katikati, piga kofi moja kali. Ukisikia mlio unaotetemeka haraka haraka baada ya kofi, kama chuma chembamba kilichogongwa, hapo sauti inarukaruka kati ya kuta mbili tupu zinazotazamana. Debe tupu haliachi kuvuma, na chumba kitupu ni debe kubwa.

Kati ya vyumba viwili, chukua kilicho kikubwa na chenye vitu vingi: kitanda, mapazia, rafu za vitabu, nguo. Epuka chumba kidogo cha mraba chenye sakafu ya vigae. Urefu na upana vikilingana, mawimbi ya besi hukutana pale pale na kulimbikizana, noti moja inavimba huku nyingine ikimezwa.

Jambo moja tuliweke sawa, maana linawala watu fedha. Kutuliza mwangwi wa ndani na kuzuia sauti isipite ukutani ni kazi mbili tofauti. Ya pili inataka uzito na kuziba kila upenyo: kuta nene, milango mizito, hata dari ya pili. Hakuna blanketi wala sponji itakayomzuia jirani asikusikie. Kwa bajeti ndogo, ziba nafasi iliyo chini ya mlango kwa taulo lililokunjwa, kisha chagua saa tulivu. Mimi hurekodi kabla ya alfajiri, na saa imenisaidia kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua.

Jokofu lizime wakati wa kurekodi, na ndani yake weka funguo zako za nyumba. Hutaweza kutoka bila kulifungua, kwa hiyo hutasahau kuliwasha tena.

Umefaulu ukiwa unaweza kukaa dakika moja chumbani na kusikia pumzi zako mwenyewe kuliko kitu kingine.

## Hatua ya 3: Tuliza chumba

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo twende taratibu.

Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Wimbi la Hz 10,000, yaani mitetemo 10,000 kwa sekunde, lile linalobeba "s" na "sh", lina urefu wa sentimita 3 na kidogo. Wimbi la Hz 100, kwenye kifua cha sauti ya kiume, lina urefu wa mita 3.4. Sponji ya sentimita 2 inalinasa la kwanza, la pili linapita kana kwamba hakuna kitu. Matokeo yake ni chumba kilichofifishwa juu na kinachonguruma chini, yaani sauti ya mtu aliye ndani ya pipa. Trei za mayai zina udhaifu huo huo na zaidi ya hapo ni karatasi kavu inayoshika moto upesi. Usizitundike karibu na nyaya za umeme.

Kinachofanya kazi ni unene. Na nafasi ya hewa nyuma ya kitu ni sehemu ya unene huo.

Njia ya bila gharama. Tundika mablanketi mazito kwenye kamba, kila moja likiwa limekunjwa, na yaache umbali wa sentimita 10 au zaidi kutoka ukutani. Usiyabandike. Hewa iliyogusana na ukuta karibu haisogei, na blanketi hula nguvu ya sauti pale tu hewa inaposogea ndani ya nyuzi zake. Kulivuta mbele kidogo hakugharimu chochote na linanasa mawimbi marefu zaidi.

Sasa swali ambalo karibu kila mtu hulijibu vibaya: litundikwe wapi?

Watu huweka kinga nyuma ya maiki. Lakini maiki nyingi za sauti husikia zaidi mbele na kidogo sana nyuma. Mbele yake ni wewe, na nyuma yako ni ukuta. Sauti yako inatoka, inazunguka chumba, inaugonga ukuta ulio nyuma ya mgongo wako na kuingia moja kwa moja mdomoni mwa maiki. Kwa hiyo blanketi la kwanza liwe nyuma ya mwimbaji. La pili na la tatu yawe ubavuni, kulia na kushoto, yakijipinda kama herufi V inayokukumbatia. Zulia miguuni. Godoro la akiba lisimamishwe kwenye kona iliyo karibu.

Njia ya robo ya bajeti. Tengeneza paneli nne. Fremu ya mbao ya sentimita 60 kwa 120, ndani yake sufi ya mawe ile inayotumika kukinga joto kwenye majengo, yenye unene wa sentimita 10, na juu yake kitambaa. Kitambaa kijaribu kwa mdomo: kiweke midomoni na upulize. Pumzi ikipita kwa urahisi, na sauti itapita. Plastiki na ngozi bandia havifai.

Vaa glavu, barakoa na mikono mirefu unapoishika sufi hiyo. Nyuzi zake huwasha ngozi na koo. Ikishafungwa vizuri ndani ya kitambaa haisumbui tena.

Paneli mbili zisimame nyuma yako unaporekodi, mbili zikae kwenye kona, mahali ambapo besi hujikusanya. Ziache bila kuzipigilia misumari ili uweze kuzihamisha.

Vipi kuhusu kabati la nguo? Ukiweza kusimama mbele ya kabati lililo wazi, mgongo ukielekea nguo, ni mahali pazuri mno. Kuingia ndani na kufunga mlango ni habari nyingine: kabati ni dogo, sauti ya chini inajaa, na rekodi inatoka kama mtu anayeongea kupitia mto. Joto nalo ni la kuzirai.

Umefaulu ukiwa kofi linakufa pale pale lilipozaliwa. Sasa chukua simu, ishike shibiri moja kutoka mdomoni, jirekodi sekunde thelathini. Fanya vivyo hivyo katika chumba kingine kisichotulizwa. Ukisikia tofauti kwa simu tu, kazi kubwa umeimaliza. Zihifadhi rekodi hizo mbili, tutazirudia.

## Hatua ya 4: Chagua maiki inayokifaa chumba

Maiki za dainamiki ni ngumu, hazihitaji umeme, na hazipokei sana vitu vya mbali. Shure SM58 imekuwa sokoni tangu 1966, na bado wengi huipa kazi ya kwanza. Unaikaribia sentimita 5 hadi 10 na inakusikia wewe kuliko chumba.

Maiki za kondensa zinahitaji umeme wa volti 48 na husikia kila kitu: pumzi, midomo inayoachana, ndege wa mti wa pili. Chumba kikiwa kimetulizwa, zinaleta uhai ambao dainamiki haina. Kikiwa hakijatulizwa, ndizo zinazotoa zile rekodi za bafuni.

Ushauri wangu: kama hatua ya 3 umeifanya kwa nusu, nunua dainamiki. Kama umeifanya sawasawa na unaimba au unapiga gitaa la nyuzi bila amplifaya, nunua kondensa.

Angalizo kuhusu Shure SM7B inayoonekana kila mahali mtandaoni: inahitaji kuongezewa nguvu takribani desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), na kadi nyingi za bei nafuu zinafika hapo zikiwa zinahema na kutoa mchanga wa "shhh". Nunua kadi na maiki zinazoelewana.

Maiki ya USB inayochomekwa moja kwa moja inamtosha msimulizi anayefanya kazi peke yake na hatabadili. Lakini siku utakapotaka kuongeza mgeni au gitaa, utaanza upya.

Na jambo la aibu. Maiki nyingi za kondensa zilizo nene huimbiwa ubavuni, si kichwani, na zina upande wa mbele wenye nembo. Yangu ya kwanza niliinunua ikiwa imefutika nembo. Wiki tatu nzima niliimbia mgongo wake, nikilaani kadi ya sauti, nikiongeza nguvu hadi mwisho. Ilikuwa ni kuigeuza tu. Kwa hiyo ongea ukiizunguka maiki yako polepole, na penye sauti ya karibu na iliyo wazi pawekee alama kwa kipande cha gundi ya karatasi.

## Hatua ya 5: Unganisha kwa mpangilio

1. Sakinisha draiva ya kadi, programu inayoitambulisha kwa kompyuta, kutoka kwa mtengenezaji. Kwenye Windows hakikisha ni ya ASIO, aina inayopunguza ucheleweshaji wa sauti, kisha ichague ndani ya programu ya kurekodi. Kwenye Mac kadi nyingi hutambulika zenyewe.
2. Punguza vitufe vyote vya nguvu na sauti hadi sifuri.
3. Chomeka kebo ya XLR kwenye maiki, kisha kwenye kadi. Kebo hii hubeba sauti katika nyaya mbili zilizogeuziana, ili kelele inayoingia njiani ijifute yenyewe mwishoni.
4. Kama ni kondensa, washa volti 48 na usubiri sekunde kumi. Usichomoe kebo wakati umeme huo umewashwa. Kuna mlipuko wa sauti unaoweza kuumiza masikio na spika. Dainamiki ya kawaida haidhuriki na umeme huo, ila maiki za zamani za riboni zinaweza kuharibika.
5. Ndani ya programu chagua kHz 48 (sauti inapimwa mara 48,000 kwa sekunde) na biti 24 (undani wa kila kipimo).

Ukiambiwa kwamba kHz 96 ni bora, tabasamu na uendelee. Hata kHz 44.1 hushika sauti hadi zaidi ya Hz 22,000, na sikio la binadamu huishia karibu na 20,000. Utajaza diski tu.

Umefaulu ukiwa unaongea na mstari wa kijani unaruka kwenye programu. Mstari ukikataa kuruka, asilimia kubwa ni moja kati ya haya: traki haijachaguliwa kurekodi, programu inasikiliza maiki ya laptopu, au volti 48 hazijawashwa.

## Hatua ya 6: Ondoa ucheleweshaji

Unaimba, na sauti yako inakurudia masikioni ikiwa nyuma kidogo. Unapunguza mwendo kuisubiri, nayo inachelewa zaidi. Hii imewafanya waimbaji wazuri wajione hawana mapigo.

Tumia kitufe cha kusikiliza moja kwa moja kwenye kadi, kilichoandikwa "Direct" au "Monitor". Kisha zima usikilizaji wa traki hiyo ndani ya programu, vinginevyo utajisikia mara mbili.

Ukitaka kusikia athari za plagini unapoimba, punguza bafa, yaani idadi ya vipimo vya sauti ambavyo kompyuta hukusanya kabla ya kuvishughulikia. Bafa ya 128 kwa kHz 48 ni milisekunde 2.7 kila upande, bila kuhesabu muda wa kadi yenyewe. Ya 1024 ni milisekunde 21, na hapo utaumia. Wakati wa kuchanganya irudishe juu ili kompyuta ipumue.

Hedifoni za bluetooth ziache kabisa kwenye kazi hii. Ucheleweshaji wake hauna dawa.

## Hatua ya 7: Iweke maiki na tengeneza kichuja pumzi

Pinda waya uwe duara la upana wa kiganja, uvalishe soksi nyembamba, uivute ikaze kama ngozi ya ngoma, funga shingoni. Umemaliza kichuja pumzi. Kiweke vidole vinne mbele ya maiki.

Mdomo wako uwe shibiri moja kutoka kwenye kondensa, au nusu yake kwa dainamiki. Ukaribu una hesabu yake: kila ukiongeza umbali maradufu, sauti yako inashuka karibu desibeli 6 lakini mwangwi wa chumba unabaki pale pale. Ukikaribia kupita kiasi nako, besi inavimba, na sauti inakuwa kama ya mtangazaji wa usiku. Wengine huipenda. Kwa wimbo wenye ala nyingi huleta matope.

Jaribu kwa kusema: "Papa apita pembeni pa baba, sasa sisi tusimsindikize." Kila "p" ikipiga kama ngumi, geuza maiki kidogo pembeni ili pumzi ipite ubavuni mwake. "S" zikichoma, ishushe ielekee kidevuni.

## Hatua ya 8: Weka kiwango cha kurekodi

Imba sehemu kali kuliko zote za wimbo, kwa nguvu kamili. Usinong'one "moja, mbili, jaribio" halafu ukaamini. Zungusha kitufe cha "Gain" mpaka vilele viguse kati ya desibeli -12 na -6 kwenye mstari wa programu, ambako sifuri ndio ukomo wa juu.

Kisha punguza kidogo zaidi. Mwimbaji aliyeona taa ya kurekodi huimba kwa nguvu kuliko alivyojaribu, sijui kwa nini, ila sijaona asiyefanya hivyo.

Usiogope mstari ukionekana mfupi. Kwa biti 24 una nafasi ya kinadharia ya desibeli 144, na sauti tulivu utaiongeza baadaye bila hasara. Iliyopasuka kwa kugonga sifuri haishoneki.

## Hatua ya 9: Saka kelele moja moja

Rekodi sekunde ishirini za ukimya, ziongeze sauti, sikiliza.

Mvumo mzito usiobadilika, wa Hz 50 au 60 kutegemea umeme wa nchi uliko, unatoka kwenye nyaya za umeme. Chomoa chaja ya laptopu uendeshe kwa betri. Mvumo ukinyamaza, umempata mwizi. Chomeka vifaa vyote kwenye soketi moja ya upanuzi ujaribu tena. Kama bado, sogeza kebo ya maiki mbali na za umeme. Zikilazimika kukutana, zipitane kama msalaba.

Mlio wa "titi-titi-tiii" ni simu iliyo karibu. Iweke hali ya ndege. "Shhh" ya mchanga maana yake kitufe kimezungushwa mno: karibia maiki, punguza nguvu. Mtikisiko wa chini unaokuja na kuondoka ni nyayo au magari, na kitambaa kilichokunjwa chini ya stendi husaidia.

Feni ya kompyuta ndiyo sugu. Isogeze kompyuta ikae upande wa mgongo wa maiki, mbali kadiri kebo inavyofika.

## Hatua ya 10: Rekodi

Anza kila traki kwa sekunde kumi za ukimya. Utazihitaji kuziba mapengo wakati wa kuhariri, maana ukimya wa chumba chako una rangi yake, na pengo tupu kabisa hushtua sikio.

Imba mara tatu kamili kuanzia mwanzo hadi mwisho, ndipo urekebishe vipande. Katika mzunguko wa pili au wa tatu ndipo hisia huwa zimekaa. Ukianza kukata mstari mmoja mmoja tangu mwanzo, utapata wimbo uliotamkwa sawasawa na usio na mtu ndani yake.

Traki moja ya mono kwa biti 24 na kHz 48 hula MB 8.6 kwa dakika. Hesabu nafasi ya diski kabla ya kuanza.

## Hatua ya 11: Changanya kidogo tu

Kwenye sauti ya mtu, kata kila kilicho chini ya Hz 80. Ikisikika kama ya boksi, punguza desibeli 2 au 3 kati ya Hz 200 na 400. Weka kompresa (plagini inayopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo) ya 3 kwa 1, ikishusha desibeli 3 hadi 6 pale penye nguvu. Mwangwi wa plagini uongeze mpaka uusikie, kisha ushushe hatua moja.

Fanya kazi kwa sauti ya chini, na pumzisha masikio kila nusu saa. Sikio lililochoka huongeza sauti kali za juu bila kujijua. Asubuhi yake, sikiliza kwenye simu na kwenye redio ndogo yoyote. Maneno yakipotea, inua sauti ya mtu, si kila kitu.

Spotify husawazisha nyimbo kwenye -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), kwa hiyo kuuminya wimbo uwe na kelele kuliko wenzake hakuna faida huko. Podikasti nyingi hukaa karibu na -16.

## Hatua ya 12: Nakala

Mali bila daftari hupotea bila habari. Uwe na nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na nyingine nje ya nyumba au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Taja jina la wimbo, tarehe na namba ya toleo kwenye faili. Neno "mwisho" usiliandike kwenye jina lolote, maana litafuatwa na "mwisho kabisa" na "mwisho hasa".

## Fedha ikiongezeka

Spika ndizo zinazofuata, si maiki ya pili. Wewe na spika mbili mfanye pembetatu yenye pande sawa, vipaza vidogo vya juu vikilingana na masikio, na kuta za kulia na kushoto ziwe umbali sawa. Usikae katikati kamili ya chumba, pale besi huyeyuka. Karibu asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa mbele ni mahali pazuri pa kuanzia.

Mwambie mtu atembeze kioo ukutani ubavuni mwako huku ukiwa umekaa. Kila utakapoiona spika kwenye kioo, ndipo sauti inapogonga na kukurudia. Hapo weka paneli.

Sasa zirudie zile sekunde thelathini za hatua ya 3 kwa maiki mpya, ukiwa na maneno yale yale, umbali ule ule. Ziweke sambamba na za simu. Rekodi ya maiki ikiwa na mwangwi kuliko ile ya simu uliyoichukua kati ya mablanketi, usirudi dukani. Rudi kwenye lile blanketi la nyuma ya mgongo, ongeza la pili juu yake, livute mbele kidogo, ujaribu tena.

Na ukiwa unatoka, funguo ziko kwenye jokofu.